Tanuri la Hiltrud Lilitangulia Abasia

Eschenrode, wiki moja kabla ya Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 1312

Kwako Baba Abate Mtukufu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Hiltrud, mjane wa Volkmar, yule mwoka mikate wa hapo langoni pako. Mwili haujambo, ila roho imechafuka. Kwa adabu zote naleta malalamiko yangu.

1. Bruda Wigbert ameandika historia ya mji huu. Anadai abasia, yaani monasteri yenu, ilijengwa kwanza, wakati hapa palikuwa na msitu na mbwamwitu watupu. Jamani! Na mababu zangu je? Kama mbwamwitu ndio sisi, mbona watawa wanakula mikate yetu?

2. Kwa ajili ya kitabu hicho, mtunza ghala wako amesema tanuri langu ni mgeni aliyejibandika ukutani kwenu, na siku ya Mtakatifu Mikaeli litabomolewa. Baba, tangu Volkmar afe, tanuri ndilo mume, ndilo shamba. Likibomolewa nitakula nini, kokoto?

3. Ukweli ni kwamba tanuri lilitangulia. Mwanzilishi wenu alikuwa anajipitia na punda wake. Punda akasikia harufu ya mkate wa bibi zangu, akagoma kuondoka. Ndiyo maana mko huku kwenye matope, si kule kilimani penye hewa safi.

4. Kwa hiyo aliyejibandika ni abasia. Sisemi mhame leo, sina roho mbaya. Malizeni mavuno kwanza. Kanisa liacheni, tutalitunza.

Nisalimie watawa wote, hasa mzee Bruda Otwin mwenye jino moja. Mwambie namwekea mkate laini.

Ni mimi binti yako mtiifu,
Hiltrud (nimetia alama ya msalaba)

N.B. Barua hii ameniandikia Bruda Wigbert mwenyewe, maana mjini hakuna mwingine ajuaye kalamu. Hadi hapa amekula mikate mitatu. Nimesahau ushahidi: jiwe la chini kabisa la tanuri lina jina la abate wenu wa kwanza. Babu wa babu yangu alilichomoa kwenye ukuta wenu wa zamani ulipoanguka, ndipo akaanza kujenga. Sasa kuna tanuri la kale kuliko hilo? Bruda Wigbert ameniuliza mara mbili kama kweli nataka aandike maneno haya. Nimemwambia andika, tena kwa herufi kubwa.