Mlinzi wa Lango Anataka Kukua

Jumatatu, 4 Machi

Mtayarishaji, ambaye pia ndiye anayeuandika mchezo wetu wa redio, ametukusanya studio na kutuambia mchezo umechuja. Wasikilizaji wanahama. Kwa hiyo amemleta Mhakiki, mama mmoja wa chuo kikuu, bingwa wa kuchambua wahusika. Atakaa nasi wiki nzima. Ijumaa, kipindi kikiisha, atasema mhusika gani abaki na yupi aondoke.

Aondoke! Nikajitahidi kutabasamu. Upande mmoja wa mdomo ulikubali, mwingine ukagoma.

Katika mchezo mimi ndiye Mlinzi. Nalinda lango la Tajiri. Tangu mchezo uanze, miaka na miaka, maneno yangu ni yale yale: "Nani hapo? Hakuna kuingia!" Mtayarishaji akiamka vizuri ananiongezea "Bosi hayupo." Kwa maneno hayo najulikana. Muuza viazi akinisikia tu ananijazia mfuko mpaka unafura. Na juu ya yote kuna mama mkwe. Anaishi kwetu, na kabla ya redio aliniita "yule". Yule amekula? Yule ametoka? Siku hizi, mke wangu ananiambia, sauti yangu ikikaribia mama anainua kidole na nyumba nzima inanyamaza, hata bomba la jikoni linafungwa. Nikishasema "Hakuna kuingia!" anamwambia yeyote aliyepo kwamba huyo ni mkwe wake. Nikilipoteza lango lile, narudi kuwa yule. Sitaki. Nasema kweli, sitaki.

Saa ya chai nikapita karibu na chumba cha mitambo. Nilikuwa nafunga kamba za viatu. (Viatu vyangu havina kamba, lakini hakuna aliyeuliza.) Nikamsikia Mhakiki akisema Mlinzi ni bapa. Bapa kabisa! Akasema mchezo wenye uhai unataka walio duara.

Nimejitazama kwenye kioo kwa ubavu. Ni kweli. Sionekani sana. Halafu nikamfikiria Besi, anayeigiza Daktari: tumbo la watu wawili, sauti inayotoka chini ya sakafu. Duara tupu! Sauti nzito inataka pa kukaa. Kumbe wanataka wanene, na Ijumaa hiyoo inakuja.

Jumanne, 5 Machi

Mayai. Mkate na siagi. Viazi. Mayai tena. Mke wangu akauliza kama kuna mtu ananifukuza. Nikamwambia ni mambo ya kazi.

Kwa kuwa mwili haunenepi kwa amri, nikajifunga mto mdogo wa kochi chini ya shati. Nikaenda studio kwa mwendo wa pole, mwendo wa watu wazito. Besi akaniona mlangoni, akaniuliza mbele ya kila mtu mtoto anatarajiwa lini. Nimeliweka moyoni.

Mazoezi. Zamu yangu ikafika. Nikavuta pumzi, nikasogelea maiki, na badala ya "Nani hapo?" nikapiga mbweu. Ndefu. Yenye mayai. Fundi mitambo akavua hedifoni, akasema imetoka kama mlango usiotiwa mafuta, akaniomba niirudie aihifadhi kwa matumizi ya baadaye.

Halafu darasa. Mhakiki akaandika ubaoni BAPA na DUARA. Akaeleza kwamba mhusika bapa ana sura moja tu. Anavyoingia ndivyo anavyotoka, na hamshtui mtu. Mhusika duara ana pande nyingi, anagongana na mambo, anabadilika, anakua. Hakuna mahali alipotaja kilo. Wenzangu wote wanaandika. Mimi nimekaa, mto unashuka taratibu kuelekea nyonga. Akamalizia kwamba umbo la mwili halihusiani kabisa na jambo hili. Nadhani alikuwa ananitazama mimi. Nadhani wote walikuwa wananitazama.

Jumatano, 6 Machi

Nikamweleza mke wangu jikoni kwamba tatizo langu ni bapa, kwamba kazini wameshajua, na kwamba Ijumaa huenda nikaondolewa. Sikujua mama mkwe yuko nyuma ya pazia.

Kwa mama mkwe, bapa ni kitu kimoja tu: ile chupa ndogo ya pombe inayoingia mfukoni. Akaniita sebuleni. Macho mekundu. Akasema jana aliniona narudi nimeshika tumbo, nayumba, akajua. Akauliza nazificha wapi. Nikamwambia mama, si hivyo, kuna bapa na kuna duara. Akauliza kama duara ndiyo chupa kubwa.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akanitetea, lakini mtu anayefuta machozi ya kicheko, nani atamwamini? Kisha akanivuta pembeni, akanipa ushauri ambao sikuupenda. Niende kwa Mtayarishaji, nimwombe kwa adabu mistari michache mipya, basi. Akaongeza kwamba hata humu ndani mimi ni bapa: kila wiki mpango mpya, mwisho ule ule. Uonevu mtupu! Mipango yangu haijawahi kufanana hata siku moja.

Mchana nikamwandama Mhakiki kantini. Nikakaa meza yake kwa bahati. Nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki, mhusika hukua vipi. Mama wa watu akajibu kwa kirefu. Akasema ukuaji lazima utokane na yaliyotangulia, uonekane kwenye maamuzi ya mhusika, usimwangukie tu ghafla bila sababu. Akasema mara nyingi kuna siri, kuna kubanwa, kuna majuto. Nikashika siri na majuto. Hayo mengine alikuwa anatafuna, sikuyapata vizuri. Ndipo Besi akaja na sahani yake bila kualikwa, akasema hata Daktari ana uchungu mzito moyoni. Mwongo! Daktari tangu mchezo uanze anasema "Vuta pumzi. Tena." Yule hana moyo, ana kipimo tu.

Mhakiki akamsogezea kiti. Kwangu hakusogeza kitu. Chakula kikanishinda.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Mlinzi ana siri.

Kwenye mchezo, sanduku la Tajiri limeibwa. Mtayarishaji amemficha mwizi kwa miezi. Hata sisi waigizaji hatujui ni nani. Kesho polisi anafika langoni. Mimi nasema maneno yangu, yeye anajitambulisha, namfungulia, kwisha. Ndivyo ilivyoandikwa. Lakini Ijumaa tunarusha moja kwa moja! Nani atanizuia? Mlinzi atalia. Atajuta. Ataungama kwamba mwizi ni yeye.

Nilikusudia kumwarifu Mtayarishaji kwanza, kama mke wangu alivyosema. Nilifika mpaka mlangoni pake, mkono tayari kugonga. Ndani nikasikia Besi anacheka, na Mtayarishaji anacheka. Wanacheka nini? Au ule mto? Nikageuka nikaondoka nikijifanya nimesahau kitu.

Nyumbani nikafanyia mazoezi bafuni. Nikalia vizuri sana. "Nisameheni! Nilijua ni vibaya, lakini sikuweza kujizuia!" Nikafungua mlango. Mama mkwe amesimama nje na taulo lake, machozi yanamtiririka. Akanishika mkono. Akasema kukiri ndiyo mwanzo wa kupona, na kwamba hatamwambia mtu. Sikuwa na nguvu za kumkatalia. Na kusema kweli, ilinipendeza kushikwa mkono.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika haya bado nimevaa viatu.

Taa nyekundu ikawaka. Fundi mitambo, ambaye pia ndiye Polisi, akagonga kile kilango cha mbao tunachokitumia kwa milango yote ya mchezo. Nikasema, "Nani hapo?" Akasema polisi. Hapo pa "Hakuna kuingia" nikasema, "Ingia. Umechelewa."

Fundi ameshika kilango, hajui afungue au afunge. Nyuma ya kioo Mtayarishaji anapunga mikono yote miwili. Nikafumba macho, nikaachia. Nikasema miaka yote nimesimama langoni, mvua yangu, jua langu, nikiwafungulia wengine. Wanapita na magari yao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimeshindaje. Nikasema sanduku nimelichukua mimi, ili angalau siku moja mtu ndani ya nyumba ile aulize Mlinzi yuko wapi. Nikalia. Lakini sikulia kile kilio cha bafuni. Nililia kweli, mpaka nikaogopa, maana sikujua tena anayelia ni Mlinzi au ni mimi.

Besi akasogea kwenye maiki. Nikajua ananimaliza. Akasema kwa ile sauti yake, taratibu, "Vuta pumzi. Tena." Maneno yale yale ya kila wiki, na bado watu wakatafuta leso! Fundi akanikamata kwa jina la sheria na kufunga lango.

Simu zikaanza. Wasikilizaji wanalia. Mtayarishaji, ambaye mwizi wake wa miezi nimemzika papo hapo, alikuwa amekaa sakafuni akitazama ukuta. Lakini Mhakiki alisimama akapiga makofi. Akasema leo ameona ukuaji: mtu aliyewafungia wengine nje ameufungua moyo wake mwenyewe. Upweke wake ulikuwepo siku zote, ila hakuna aliyempa nafasi ya kuusema. Mlinzi si bapa tena. Ni duara! Nikainama kama wanavyoinama wakubwa. Nikamtupia Besi jicho.

Ndipo akamalizia. Kwa kuwa Mlinzi amekua, amekwisha. Safari yake imetimia. Aende jela kwa heshima, hadithi iendelee. Daktari abaki. Ni bapa, ndiyo, lakini pasipo bapa mmoja asiyetikisika, msikilizaji hataona wengine wanavyobadilika.

Besi akanipa leso yake. Nikaikataa. Kisha nikaichukua.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe alisikiliza kipindi chote. Mke wangu anasema kilipokwisha alizima redio, akavuta sanduku lake la nguo kutoka uvunguni, akalipiga kufuli. Mke wangu akamkumbusha kwamba ule ni mchezo tu. Mama akajibu anajua ni mchezo, lakini kule bafuni hakukuwa na redio.

Asubuhi nikamsikia jikoni akiuliza kama yule ameshaamka.

Yule! Nikajifunika shuka mpaka kichwani. Miaka yote ya "Hakuna kuingia" imefutika kwa kipindi kimoja. Inauma. Si mzaha, inauma.

Jumatatu, 11 Machi

Niliitwa studio. Nilikwenda nikidhani ni kurudisha ufunguo wa kabati. Mtayarishaji macho yamemvimba, ameandika upya mchezo mzima mwisho wa wiki. Hakunikaribisha kiti. Akasema lango haliwezi kukaa tupu. Mhakiki ameshauri mlinzi mpya awe bapa, bapa wa kuaminika, na wasikilizaji wanapiga simu kuiulizia sauti yangu. Kwa hiyo nitarudi kama mdogo wake Mlinzi, ndiyo maana sauti zinafanana. Sharti ni moja: niseme kilichoandikwa. Nisiongeze neno. Nisipunguze neno. Nisilie.

Nikaapa. Nikamshika mikono, nikaapa tena. Akachomoa mikono yake, akaniambia niondoke kabla hajabadili nia.

Nilirudi nyumbani karibu nakimbia. Nikamwambia mama mkwe kwamba Ijumaa nipo langoni, mtu mpya, mtu safi, hajaiba hata sindano. Akauliza kama nitasema yale maneno yangu. Nikamwambia yale yale, mama. Akainuka, akaenda kunitilia chai mwenyewe. Nilitaka kulia tena, nikajizuia. Mke wangu akaninong'oneza kwamba safari hii, tafadhali, nisiharibu. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, nimejifunza.

Na kweli nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kukua kote kwa mara moja. Mdogo mtu atakua kidogo kidogo. Hatalia, hataungama. Ila baada ya "Hakuna kuingia!" ataguna mara moja tu, mguno wa mtu anayejua sanduku lilipo. Mguno si neno. Haujaandikwa, sawa, lakini pia hakuna aliyeukataza.