Naomba Mumfelishe Mke Wangu

Ilford, London

Ndugu Mkurugenzi wa Mafunzo,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Mimi ni mume wa Mwalimu Restuta, ambaye chuo chenu cha Kanada kinamfundisha kwa kompyuta, kwenye meza yetu ya chakula, ili akawe mwalimu mkuu katika shule za wenyeji wa asili wa kaskazini. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ninyi wenyewe mmemfundisha kwamba lugha ya nyumbani isidharauliwe. Mtatafuta wa kuwasomea.

Wenyeji hao nawaheshimu sana. Ugomvi wangu ni mazoezi, ambayo mwanafunzi wenu anayafanyia kwangu.

1. Mmemfundisha kwamba kiongozi haamui peke yake: watu wakae duara, kila mmoja aseme kwa zamu akiwa ameshika kitu. Kwetu kitu hicho ni mwiko wa jikoni. Zamani Restuta aliamua tule nini, nami nikala. Siku hizi tunajadiliana, na mwiko ukiwa unazunguka hakuna wa kusonga ugali.

2. Mmesema wazee wasikilizwe kwanza. Mzee pekee hapa ni mama yangu mzazi, Ma Generosa, aliyekuja kutoka Bukoba kumwona mjukuu. Sasa yeye ndiye baraza la wazee. Ameshaamua kwamba mpira wa Jumapili hauna faida kwa jamii. Nilikata rufaa. Rufaa inasikilizwa na yeye huyo huyo.

3. Mmesema mtoto ajifunze kutoka kwenye ardhi. Binti yetu Lilian, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, alitolewa nje kwenye mvua akaisikilize ardhi. Nami nilitolewa. Jirani yetu Rupinder akaja na mwavuli na sambusa, akidhani tumefukuzwa kwenye nyumba. Sambusa nilikula, aibu ikabaki.

4. Hita imezimwa ili tuzoee baridi ya huko. Nalala na koti, kofia na soksi za mama. Mama anasema hajawahi kulala vizuri hivi.

5. Hili ndilo linaloniuma. Restuta akifaulu atapelekwa mahali ambapo hufiki ila kwa ndege ndogo. Siku ya kulijadili, mwiko uliponifikia nikampa Lilian bila kusema kitu. Wakahesabu nimekubali. Ndugu Mkurugenzi, sijakubali. Bila Restuta nyumba hii sijui nitaikaaje.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, mumfelishe. Msimfelishe vibaya. Alama moja pungufu inatosha, na mmwandikie maneno ya kumtia moyo, maana sijaona mwalimu hodari kama yeye.

Wasalimie walimu wenzako, wazee wa huko, na rubani wa hiyo ndege.

Wako katika baridi,
Evodius
Kiongozi mstaafu wa nyumba hii

Tanbihi: Kabla sijaituma, mwiko ulinifikia tena, nikawasomea barua yote. Kisha Restuta akasema tangu siku ya usaili aliwaambia ninyi kwamba atakuja na familia nzima, mimi nikiwa wa kwanza, na kwamba alidhani najua. Basi usimfelishe. Duara limeipitisha barua hii isipokuwa namba nne, iliyokataliwa na baraza la wazee. Mama anauliza kama huko ndizi za kupika zinapatikana, au tubebe. Mwiko bado ninao mimi. Wote wana njaa, lakini sijamaliza kusema.