Nilivyomwita Muuza Vipuri Mwizi Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, sina uso wa kupita Bulengera hapa Butembo tena.

Mnajua injini ya lori langu ilinifia njiani nikitoka Manguredjipa. Mama mkwe, anayekaa Mulekera kule Beni, akanihurumia. Akasema nichukue ile iliyotoka kwenye lori la marehemu baba mkwe. Ila mume wa shemeji yangu naye anaitaka. Kwa hiyo leo mama amekuja mwenyewe gereji, kuona kama imeangukia mikono salama. Nikionekana hovyo, injini inarudi Beni.

Fundi Kambale alikuwa ameinamia injini ya mama, anafungua kifuniko cha mbele.

"Patron, mbele ya kuingiza hii moteri mu lori yako, tubadirishe mukanda ya distribution, huu wa meno wa ndani," akasema. "Ni occasion, ilishatumika. Hatuyue huu mukanda umetumika miaka ngapi. Ukikatika, moteri inakufa."

Mama mkwe akasikia neno "inakufa". Akanitazama.

"Nitaenda kununua miye mwenyewe," nikasema haraka. (Mafundi na bei za vipuri, mnawajua.)

Kwetu mtu haendi kununua kipuri mikono mitupu. Unabeba cha zamani kiwe mfano. Niliona mkanda juu ya pipa, nikaunyakua, nikarukia pikipiki.

Dukani niliingia kwa maringo. Muuzaji, Papa Musa, mzee mpole mwenye kofia yake ya sala, akauliza: "Ni ya moteri gani, mwana wangu?"

"Mufano njo huu, papa. Unataka kuyua nini tena?"

Akaleta mpya. Nikaunusa. (Sijui nilitarajia harufu gani.) Nikaukunja. Nikahesabu meno yake kwa sauti, kisha nikarudia, ili wateja wengine wajue hapa kaja mtu asiyeibiwa. Ulilingana na mfano kabisa.

Nikarudi gereji. Fundi akauvisha, haukuingia. Akajaribu tena, jasho linamtoka. Mfupi.

"Patron," akaanza, "ile mufano ulibeba..."

"Fundi, ngoja."

Sikuwa na masikio ya kumsikiliza, maana mama mkwe alikuwa ameshika simu, na nilimsikia akimsalimu mume wa shemeji yangu. Akamuuliza kama ana nafasi ya kuja Butembo wiki hii. Damu ikanipanda. Nikarudi dukani mbio, nikamwita Papa Musa mwizi mbele ya wateja wake, nikamwambia aje ajionee. Akafunga duka, akaja. Wateja nao wakaja, kazi waliacha.

Gereji ikajaa watu. Nikainua mkanda mpya juu.

"Mama, njo huyu alitaka kutuharibia moteri ya marehemu papa."

Papa Musa hakubishana. Aliniomba ule mfano, akampa fundi. "Weka kwanza huu wa zamani. Kama ulitoka mu hii moteri, utaingia."

Fundi akauvisha. Nao haukuingia.

Watu wakaanza kunigeukia. (Mimi bado sikuelewa. Nilidhani mzee kanibadilishia hata mfano.)

"Patron," fundi akasema polepole, "mukanda ya moteri ya mama nilikuwa bado kuutoa wakati ulikimbia na pikipiki. Ule ulibeba ni wa moteri yako, ile ilikufa."

Yaani nilikuwa nimeipimia maiti nguo, nikamletea aliye hai avae.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba Papa Musa radhi.

"Hapana shida, mwana wangu," akasema. "Nitakubadirishia. Lakini banionyeshe mwizi, nimusalimie."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Mama mkwe alijifunika mdomo kwa kitenge, mabega yanacheza. Alipotulia, akampigia simu tena mume wa shemeji yangu, akamwambia, "Hapana kuja tena," akaikata.

"Moteri inabakia Butembo," akaniambia. "Marehemu papa kama angekuwapo, angecheka kuliko siye bote. Lakini mukanda, fundi njo ataenda kununua. Papa Neema, weye mukwe wangu, kaa hapa pembeni yangu, hapana kugusa kitu."

Ndiyo nimekaa, na ndiyo maana nina muda wa kuwaandikia. Tafadhali msicheke; mke wangu yuko kwenye kundi hili, na ameshacheka mpaka fungu lenu.