Ala ya Mfukoni na Nafasi ya Mlangoni

Jumatatu, 4 Machi
Mlinzi wa mlango wa kanisa letu amehamia mji wa Lubbock. Nafasi moja! Tunaoitaka ni wawili: mimi na Royce, kaka wa mke wangu, anayetembea kifua mbele kama jogoo. Shemasi Pruitt katoa sharti. Jumapili tuje na bastola tumezificha mwilini, kama mlinzi anavyotakiwa. Atakayegunduliwa na waumini kakosa. Miaka sita nagawa karatasi za ratiba ya ibada. Naitaka nafasi hii kuliko chakula.

Jumanne, 5 Machi
Nimenunua ala ya mfukoni, kifuko cha kuwekea bastola, ya kitambaa, bei poa. Kibastola kikalala humo tuli. Nikajipitisha jikoni mbele ya mke wangu, Twyla, nikipiga mluzi. Akauliza kwa nini nimetia bastola mfukoni. Eti umbo lote linaonekana, mpaka kitako. Mwanamke ana macho ya kipanga!

Jumatano, 6 Machi
Dukani tena. Muuzaji kasema ala nzuri hufunika kifyatulio, husimamisha bastola wima, na hubaki mfukoni unapoichomoa. Nikachukua ya mpira unaonata. Nyumbani nikatoa risasi zote, nikajaribu mbele ya kioo. Nikachomoa upesi! Ala ikatoka nayo. Bitana ya mfuko ikafuata. Nimesimama nimeshika kitu mfano wa soksi. Twyla kacheka mpaka kakaa chini.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepata! Ya ngozi ngumu, na bapa pana upande wa nje. Mfukoni inaonekana kama Agano Jipya dogo, lile wanalotembea nalo wazee wetu. Nani atamshuku mtu wa Mungu? Twyla kanishauri nibebe na Agano lenyewe, mfuko wa pili. Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akautazama upara wangu.

Jumapili, 10 Machi
Mambo yalianza vizuri mno. Bibi mmoja alimwona Royce kiuno kimevimba, akamuuliza kama ana ngiri. Royce nje! Nikaona mlango wangu huo.

Ndipo mchungaji akatangaza kwamba msomaji wa zaburi ana mafua, ila anamwona ndugu Delbert, yaani mimi, amekuja na Neno mfukoni. Apande asome! Nikapanda. Nikasema nimesahau miwani. Twyla akainyanyua kutoka kwenye mkoba wake! Nikafumba macho nikatoa kwa kichwa aya pekee ninayoijua: "Yesu akalia machozi." Amina kubwa. Mchungaji akataka inayofuata. Royce akapaza sauti kutoka nyuma, "Shemeji, si ufungue tu kitabu!"

Nikamnong'oneza mchungaji ukweli. Kipaza sauti kilikuwa kimewashwa.

Shemasi kaamua: Royce mlangoni, maana ngiri si bastola. Mimi kuelekeza magari uwanjani, nimevaa kizibao cha rangi ya machungwa. Imeniuma, sifichi.

Jumatatu, 11 Machi
Kosa nimeligundua. Agano huombwa usome! Kuna ala nyingine, yenye umbo la kopo la ugoro. Nani ataomba ugoro kanisani? Twyla anasema Shemasi Pruitt huishiwa ugoro wake kila Jumapili kabla ya mahubiri. Maneno ya wivu. Nimeagiza mbili.