Lebo Themanini na Mbili za Mjomba

Jumatatu, 4 Machi
Mjomba ametangaza. Santuri zake zote arobaini na moja zinakwenda maktaba ya redio, pamoja na ile aliyoimba marehemu mama yangu, ambayo haina nakala popote. Mkutubi anakuja Ijumaa. Anataka orodha iliyopangwa kwa majina sahihi ya lebo. Mwenye orodha bora atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha santuri huko maktabani. Ajira ya kudumu! Mpinzani wangu ni Shemeji, mume wa dada yangu, mtu asiyeweza kupiga mstari ukanyooka. Nimenunua daftari kubwa na rula mpya.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji kaniwahi. Anaandika kwenye ubavu wa boksi la sabuni! Nikachungulia: "Nyekundu, jogoo. Imemeguka ukingoni. Mwanamke anaimba, mtu anakohoa katikati." Nikamweleza kwamba jogoo ni picha tu, jina la lebo ni Alfajiri Njema, liko chini ya tundu kwa herufi ndogo. Akanijibu, "Haya, Mzee wa Rula. Wewe soma, mimi nasikiliza." Mjomba akacheka mpaka akashika mbavu. Sikuona cha kuchekesha.

Jumatano, 6 Machi
Herufi ndogo mno. Macho yananiwasha. Lakini nimepata njia! Orodha ya lebo inahitaji lebo zenyewe. Nitazibandua na kuzibandika daftarini, kila moja kwenye mraba wake. Nani atabishana na jina sahihi likiwa pale pale mbele yake? Beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kisu cha siagi. Kufikia saa kumi jioni zote themanini na mbili zimetoka, pande zote mbili. Ni mbili tu zilizochanika. Mke wangu akatazama beseni, akauliza kama Mjomba anajua. Nikamwambia ni siri ya ushindi. Akasema, "Makubwa haya," akaenda zake.

Alhamisi, 7 Machi
Daftari linapendeza ajabu. Kila kitu kwa alfabeti. Kuna dosari moja: santuri zote sasa ni nyeusi tupu. Nilidhani ningezikumbuka. Nimezipima kwenye mizani ya jikoni. Haikusaidia.

Ijumaa, 8 Machi
Mkutubi amelisifu daftari! Hajapata kuona mistari iliyonyooka hivi, alisema. Kisha akaomba kusikia santuri ya mama. Nikachomoa moja bila kusita. Sindano ikashuka. Mwanamume mwenye mafua akaanza kueleza namna ya kufuga nyuki.

Mjomba akaitoa, akapapasa katikati palipokuwa na karatasi. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mpwa wangu, dada yangu umemweka wapi?"

Shemeji akaleta boksi lake la sabuni. Akapitisha kidole kwenye kingo za santuri, moja baada ya nyingine, akatenga tatu zilizomeguka. Ya kwanza, tarumbeta. Ya pili, mama! Katikati ya wimbo mtu akakohoa. Mjomba akasema kwa sauti ya chini kwamba aliyekohoa ni yeye, alikuwa akimpigia gitaa. Tulisikiliza mpaka mwisho. Mke wangu alinishika mkono, kisha akauachia kwa nguvu.

Jumamosi, 9 Machi
Ufunguo amepewa Shemeji. Orodha ya boksi la sabuni! Mimi nimeruhusiwa kwenda maktabani kila Jumamosi kurudisha lebo mahali pake, chini ya usimamizi wake, bila beseni.

Nimelichunguza kosa langu kwa utulivu na nimeligundua: kisu kilikuwa butu.

Mchana mama mkwe amekuja na albamu ya harusi yake. Picha zimebandikwa ovyo ovyo, wajomba wamechanganywa na majirani, majina yako chini kwa penseli. Nimemwomba aniachie mpaka Jumatatu. Amefurahi sana, maskini. Kisu nimeshakinoa, na maji yameanza kupata moto.