Arobaini ya Mtu Mwenye Betri

Jumatatu, 1 Julai 1996. Lizaboni, Songea.
Daktari kaniambia niandike kila siku najisikiaje. Najisikia simba. Niliishia darasa la pili lakini neno simba naliandika bila kosa. Mwezi Mei kwenda chooni tu nilipumzika mara mbili njiani. Mwanangu Edwin akanipeleka Dar, wakanipasua, wakanifukia betri ya kuusukuma moyo. Leo nimelima matuta mawili ya mboga kabla mke wangu Verediana hajaninyang'anya jembe.
Siri yangu ni jua. Betri za redio zikichoka tunazianika, redio inaimba tena. Basi saa sita nakaa uani kifua wazi. Majirani wanachungulia. Wachungulie!

Jumatano, 3 Julai.
Habari mbaya. Nimekufa.
Mwalimu Agape katoka Mbamba Bay, kwetu ziwani, kaniona uani nimejianika, akaangusha baiskeli, akasahau hata shikamoo. Anasema dada yangu Aurelia amenyoa nywele, matanga yalishapita, na arobaini yangu ni Jumapili tarehe 14. Kisa ni binamu yetu Hironimus. Alikuja Songea kuuza dagaa mimi nikiwa Dar, akasikia wamenifungua kifua wakaweka betri. Akarudi ziwani kutangaza kwamba mtu aliyetolewa moyo ni maiti, hata kama anatembea. Na siku ya arobaini nani atarithi jina langu? Hironimus! Pamoja na koti langu jeusi nililomwachia dada mwaka 1989!
Dada hali chakula, anasema mwalimu. Amebaki mifupa. Kwa mama yetu tumebaki wawili tu.
Nimemwambia Verediana twende kesho. Kasema hatutoki mpaka daktari aruhusu, Alhamisi ya wiki ijayo. Mwalimu harudi ziwani mwezi huu, na barua itafika wameshakula na kuondoka.

Jumamosi, 6 Julai.
Mpango! Nimemuaga Verediana kwamba naenda mazoezi ya kwaya. Nikanyoosha stendi, niende kwa dada peke yangu. Siku hizi mabasi ya watu binafsi ni mengi, wapiga debe wamenigombea kama bibi harusi, mmoja kashika mkono, mmoja kashika mfuko. Nikachagua lenye redio kubwa. Nikakaa dirishani upande wa jua. Safi sana.
Kumbe linakwenda Tunduru, mashariki, na ziwa liko magharibi. Nimeshtuka tuko Namtumbo. Nimerudi nyumbani juu ya marobota ya tumbaku, napiga chafya. Verediana akaniuliza kwaya imeimba nini. Nikasema Bwana utuhurumie. Akasema huruma hiyo nitaihitaji.

Alhamisi, 11 Julai.
Daktari Violet kanipima mapigo, kakagua kovu. Karidhika. Nisafiri, lakini na mke wangu, nisibebe mizigo, mkono wa kushoto nisiunyanyue juu. Nikamwuliza kitaalamu: jua saa mbili latosha, au tatu? Alicheka mpaka akavua miwani. Eti betri imefungwa kabisa, itadumu miaka, jua halina kazi nayo. Nikaitikia kwa heshima. Kila fundi ana siri zake, simlaumu.

Jumapili, 14 Julai. Mbamba Bay.
Jana tumelala Mbinga, basi lilikuwa na pancha. Leo likachemka kilimani. Kondakta akaomba watu washuke kupunguza uzito, wazee wabaki. Nikashuka! Nimepanda kilima chote kwa miguu yangu, Verediana nyuma ameshika shati langu. Kule juu nikaliona ziwa. Miaka saba sijaliona. Sikuhema. Aliyehema ni Verediana. Kaniangalia, akanifunga kifungo cha shati.
Tumefika watu wanakula. Kelele! Wengine wamekimbilia migombani, lakini sahani hawakuziacha. Hironimus alikuwa katikati ya wazee, koti langu mwilini, ameshapewa jina langu, Eusebi, mbele ya ukoo mzima.
Dada hakukimbia. Alikuja polepole na fimbo yake, akaweka sikio kifuani kwangu. Akasikiliza muda mrefu.
"Eusebi," akasema, "umechelewa. Nyama imebaki ya shingo."
Tukala sahani moja. Dada kala matonge matatu, manne, kisha mchuzi ukaniingia machoni sikuona vizuri.
Wazee wamekaa kikao. Wamesema jina likishatolewa halirudishwi. Kwa hiyo tuko Eusebi wawili. Jina abaki nalo. Koti nimemvua mwenyewe, kwa mkono wa kulia.

Jumatatu, 15 Julai.
Dada kaamka kadai uji. Akadai tena. Ananituma kuni kama zamani, Verediana anamkataza, wanagombana vizuri tu. Moyo wangu mweupe.
Ila nimefikiri. Wamechinja mbuzi wawili kwa ajili yangu. Miaka sitini na minane nilipokuwa hai sijachinjiwa hata kuku! Na watoto wa mjomba kule Liuli wana ng'ombe. Meli inapita Alhamisi.
Nimemwomba Hironimus atangulie na baiskeli akawape habari kwamba nimefariki. Amekataa. Eti Eusebi sasa ni yeye pia, na hajisikii kufa. Verediana kasema nikilitaja jambo hilo tena nitafariki hapahapa, wala sitahitaji meli.
Waoga wote. Nimeandika mwenyewe, nimempa mwenye lori la mihogo anayekwenda huko:
"Ndugu zangu, nimefariki jana saa nne asubuhi. Msihangaike na mbuzi, watu watakuwa wengi. Nafika Alhamisi jioni, mnipokee. Mimi mwenyewe, Eusebi."