Maji ya Mianzi ya Benedicta

Mwaka wa hamsini na saba, Baraza la Tabia Njema la Ipogolo lilitangaza kwa fahari kwamba limemgundua adui wa maendeleo. Adui alikuwa ulanzi, pombe ya mianzi. Kila mwanzi unaogemwa ungekatwa Jumamosi, kwa amri ya Mjumbe Liberatus, mlinzi wa maadili yetu.

Jumatano asubuhi Benedicta, mjane aliyesomesha wanawe wawili kwa mianzi hiyo, alimkuta Mjumbe Liberatus katikati ya shamba lake, kofia kaitundika kwenye mwanzi, mbeta ya kukingia ulanzi kaiinamishia mdomoni. Akamwamkia Kihehe, "Kamwene." Mjumbe hakuitikia, mdomo ulikuwa na kazi. Kisha alitimua mbio, kofia ikabaki.

Habari ilifika barabarani kabla yake. Wafuasi wake walisema kwanza kwamba hakuwa yeye. Benedicta alipoitoa kofia, wakasema ni yeye, ila alikuwa anakagua. Selemani kinyozi, ambaye wiki nzima alikuwa akiwalaani walevi, alieleza kwamba Mjumbe alikuwa akimpunguza adui kwa tumbo lake mwenyewe. Benedicta akamuuliza kama angesema hivyo kwa mtu wa chama kile kingine.

"Huyo tungemfunga, dada," alisema Selemani bila kuacha kunyoa. "Huyu ni wetu."

Baraza, kwa kuheshimu maoni ya watu, lilimtuma karani Edmund nyumba hadi nyumba na swali moja: je, Mjumbe hakunywa, au hakunywa kabisa? Wengi waliona hakunywa kabisa. Ijumaa uamuzi ukatoka, umepigwa mhuri, nakala kwa Bwana DC: mianzi ya Benedicta hutoa maji matupu yasiyolevya, ambayo Mjumbe aliyaonja tu kwa sababu za kikazi.

Benedicta aliomba nakala yake.

Jumamosi wenye mapanga walipofika, aliwapa waisome. Walisoma, wakatazamana, wakakaa chini. Amri ilihusu ulanzi. Hapa palikuwa na maji, tena ya mhuri. Kufika adhuhuri majirani wote walikuwa wamegundua kwamba hata mianzi yao hutoa maji. Haukukatwa hata mmoja.

Mwenyekiti wa Baraza alikuja mwenyewe, jasho linamtiririka. Kuufuta uamuzi kungekuwa kumwita Mjumbe mlevi mbele ya DC, na hilo halikuwezekana. Aliomba jambo dogo tu.

"Mama, mwombe radhi Mjumbe, heshima ya Baraza ibaki."

Benedicta aliingia ndani, akatoka na kofia, akamkabidhi.

"Mpelekee. Akisikia kiu tena, apige hodi. Radhi siombi."